Mashine za Kamari: Nani Alaumiwe?

Sogeeni karibu, na mwenye kalamu aishike, maana leo kuna hesabu kidogo.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa San Francisco huko Marekani, fundi Charles Fey alitengeneza mashine ya kamari yenye magurudumu matatu. Mtu alitia sarafu, akavuta mkono wa chuma, magurudumu yakazunguka. Yakisimama na picha zinazolingana, alipata fedha. Mashine za namna hiyo zilimla mtu fedha zake, lakini zilimla mchana kweupe. Gurudumu likiwa na picha 10, matatu yana mipangilio 10 mara 10 mara 10, yaani 1,000. Mwenye subira aliweza kuzihesabu picha akajua bahati yake ilivyo ndogo.

Sasa twende mwaka 1984. Mwaka huo mvumbuzi Inge Telnaes alipewa hati ya uvumbuzi na Serikali ya Marekani kwa mashine ya namna mpya. Ukiitazama, magurudumu ni yale yale, lakini hayaamui neno. Kompyuta iliyo ndani huchagua nambari kwa kubahatisha, kisha huyaamuru magurudumu yasimame wapi. Tuseme gurudumu lina vituo 22. Ndani ya kompyuta vyaweza kufanywa 64: picha ya zawadi kubwa hupewa nambari moja tu, na nafasi tupu za juu yake na chini yake hupewa nyingi. Basi jicho huona bahati moja katika 10,648, na kweli yenyewe ni moja katika 262,144! Tena ile picha husimama mara kwa mara karibu na mstari. Mchezaji husema, “Loo, nimeikosa kidogo!” Wala hakuikosa kidogo, alikuwa mbali nayo kabisa.

Je, jambo hili lilitokea kwa bahati mbaya? Hati ya Telnaes yenyewe yaeleza, bila haya, kwamba ni muhimu mashine ionekane kuwa na nafasi kubwa ya kushinda kuliko iliyo nayo. Mvumbuzi alijua. Wenye viwanda walijua. Wasimamizi wa kamari wa jimbo la Nevada waliruhusu. Asiyejua ni yule mwenye sarafu mkononi, na huyo ndiye aliyeitwa mjinga. Watu husema hakulazimishwa na mtu. Sawa, lakini mtu huchagua lile analolijua.

Huko Australia mwanamke mmoja aliyecheza miaka mingi alimshitaki mwenye kiwanda pamoja na mwenye jumba la kamari. Mashine yake ilikuwa na magurudumu matano: manne yenye picha 30 kila moja, na la mwisho picha 44, wala kwa macho hutambui. Februari 2018 jaji aliyatupa madai yake. Aliona sheria haikuvunjwa.

Kabla ya somo lijalo, fanya hesabu ya mashine hiyo: ina mipangilio mingapi? Kisha ifanye tena kama kwamba magurudumu yote matano yana picha 30, uone tofauti.