Makasia ya Bumbire

Msafiri afikaye Bukoba, mji ulioasisiwa na Emin Pasha kwa niaba ya Wajerumani mwaka 1890, hupokewa na kisiwa kabla ya kupokewa na watu; kwani Musira, ambacho zama za wafalme wa Kihaya kilikuwa gereza la waliohukumiwa, kimesimama mbele ya macho yake tangu asubuhi hata magharibi. Mtaani Nyamukazi, ng'ambo ya uwanja wa ndege, ndiko ziliko nyumba za Makumbusho ya Kagera, ambazo hazina fahari ya majumba ya miji mikubwa, lakini zimehifadhi zana za wazee wetu na picha za wanyama wa mkoa huu. Nami niliingia humo kwa adabu ya mjukuu aingiaye chumbani kwa babu yake.

Nilikwenda nikiwa na Bumbire moyoni. Kisiwa hicho, kilicho kikubwa miongoni mwa visiwa vya Muleba, wilaya ambayo maji yake yazidi nchi kavu, kilikuwa zamani chini ya Ntare, mfalme wa Ihangiro. Na watu wake walijua ziwa, na mitumbwi ya mbao zilizoshonwa, na hasira za Mugasha, ambaye Wahaya walimwita mwenye maji na tufani.

Mwishoni mwa Aprili 1875 alifika huko msafiri wa Kizungu, Henry Morton Stanley, katika mashua yake, Lady Alice, akiwa na mabaharia kumi na mmoja wa pwani, akitafuta chakula. Wenyeji waliivuta mashua hadi nchi kavu, wakazungumza naye kwa muda mrefu, kisha wakatwaa makasia yote. Stanley asema walikusudia kumwua. Yamkini, walakini mtu wa ziwani ajua kwamba anyang'anywaye kasia hajauawa bado, bali amezuiliwa asiondoke kabla shauri lake halijakatwa, na mwenye kisiwa ana haki ya kumwuliza mgeni mwenye silaha atokako na aendako. Mabaharia waliisukuma mashua majini, Stanley akapiga bunduki, nao wakabandua mbao za sakafu wakazifanya makafi, wakaokoka.

Lau hadithi ingalikoma hapo, ningaliisifu kwa ushujaa wa mabaharia. Lakini mwezi wa Agosti Stanley alirudi na mitumbwi ya Waganda, akaipanga mbele ya ufuko, akawapiga kwa bunduki watu waliokuwa na mikuki, pinde na makombeo. Khabari hizo aliziandika mwenyewe katika magazeti ya London na New York, bila haya, hata huko Uingereza wakatokea waliomlaumu hadharani.

Kitabu cha Stanley cha safari hiyo kimesomwa dunia nzima. Ya Bumbire hayakuandikwa na mtu wa Bumbire. Kwa hiyo natamani kwa dhati kuona katika nyumba hizi za Nyamukazi kasia moja na jiwe moja la kombeo, vimewekwa pamoja, vimeandikwa mwaka 1875 kwa Kihaya na kwa Kiswahili, ili mtoto wa Muleba avisome akiwa amesimama wima.

Nilipotoka, jua lilikuwa likishukia nyuma ya vilima, na mwaloni wavuvi wa dagaa walikuwa wakipakia taa zao. Mtumbwi wa mwisho ulikuwa na injini. Lakini juu ya nyavu, kama akiba, yalilazwa makasia mawili.