Sakafu za boriti zinapobonyea
Katika nyumba kongwe za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa, ng'ambo ya Kisauni, sakafu ya ghorofa hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba: mita 3 hivi au pungufu. Juu yake hupangwa mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo mzito.

Boriti aghalabu huoza ncha yake iliyozama katika ukuta wenye unyevu, au huliwa na mchwa. Kwa hivyo sakafu iliyobonyea isisawazishwe kwa saruji. Uzito huzidi na kiini cha kasoro hubaki. Fundi kwanza huitegemeza kwa nguzo, huziba panapovuja, kisha hupachika boriti nzima ubavuni mwa iliyooza, mojamoja. Wakazi wasilale chini yake kazi isipokamilika.