Sheria ya Ukaguzi wa Sinema Nchini Tanzania

Mwaka 1930 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kukagua sinema na michezo ya jukwaani katika Tanganyika. Wakaguzi wake walimpima na mtazamaji pia: filamu iliyoruhusiwa kwa Wazungu iliweza kukatazwa kwa Waafrika, kwa hofu kwamba wangewaona Wazungu katika ulevi na uhalifu, na heshima ya mtawala ingeporomoka.

Uhuru wa mwaka 1961 uliuondolea ubaguzi huo hoja zake, lakini ukaguzi wenyewe haukufa. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipokuwa Rais mwaka 1962 aliunda wizara ya utamaduni wa taifa. Katika uongozi wake Bunge likapitisha Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976. Sheria hiyo iliweka bodi kuu ya ukaguzi, na chini yake vyombo vya mikoa na wilaya, ili mamlaka yake yafike hata Musoma na Bunda.

Mkoloni alikata picha kwa kumdhania Mwafrika mtoto. Taifa likaikata kwa kulinda maadili ya wote. Sababu ilibadilika, mkasi ukabaki. Hata hivyo, mkaguzi wa wilayani huishi pamoja na watazamaji, nao waweza kumwuliza kwa nini wamenyimwa picha fulani. Mkoloni hakuwa na wajibu wa kuwajibu. Uhalali wa sheria ya taifa wategemea jibu hilo.