Kusomea misitu Eldoret, kupima mikoko Pwani

Kijana wa Pwani anayekwenda Eldoret kusomea misitu au wanyamapori hufika mji ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, mbali na mikoko na makaya ya kwao. Hata hivyo, anachofunzwa huko kinahitajika sana nyumbani.

Chuo Kikuu cha Moi kilianza mwaka 1984 na wanafunzi wa misitu waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2013, kampasi yake ya Chepkoilel ikawa Chuo Kikuu cha Eldoret.

Darasa kubwa la fani hii liko nje. Kusini-magharibi kuna Msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho nchini cha msitu wa mvua wa aina ya ule wa Kongo. Mashariki kuna Bonde la Kerio, kavu na lenye migunga. Anayeitembelea sehemu zote mbili huona kwa macho yake jinsi mvua na mwinuko vinavyobadilisha miti, ndege na wadudu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Wanafunzi huzungushia kamba eneo la mraba, hutambua kila mti uliomo, kisha hupima unene wa shina kwenye kimo cha mita 1.3. Ndege huhesabiwa alfajiri, kwa kuonekana na kwa sauti.

Mbinu hizo hufaa pia ufukweni, kwa marekebisho. Kwa mfano mkoko, ambao mizizi yake husimama juu ya tope, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa.

Vipimo hivi ni riziki. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 hulinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni. Mapato husaidia maji na shule. Bila miti kupimwa, hakuna cha kuuza.

Kenya ina aina tisa za mikoko. Wavuvi na wakata boriti wanazijua kwa majina: mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, mkomafi. Msomi anayerudi na futi yake aanze kwa kuwauliza hao, kwani mali ni yao na elimu wanayo.