Kutoka Maromboso mpaka Mbosso: vijana wa Yamoto walivyokua

Nipo Biharamulo, field wiki ya nne sasa, nafundisha Historia kidato cha pili na cha tatu. Jioni hakuna jipya zaidi ya kusahihisha madaftari na kusikiliza redio. Wale mnaolalamika kwamba nimepotea, haya leo nimerudi, tena na historia. Ila sio ile ya Mkutano wa Berlin, hiyo nimeifundisha mpaka naiota. Leo ni Yamoto Band.

Kundi lilianza mwaka 2013 pale Mkubwa na Wanawe, Temeke, chini ya Said Fella, yule yule aliyewasimamia TMK Wanaume. Vijana walikuwa wanne: Aslay, Beka, Enock Bella na Maromboso. Aslay tayari alikuwa na jina tangu akiitwa Dogo Aslay, katoto kanakoimba Naenda Kusema kwa Mama.

Mwaka 2014 ndio ikaja Nitakupwelepweta. Huku kwetu ilifika kwa basi za kutoka Mwanza, kwa memori kadi za pale stendi, na kwa Redio Kwizera ya Ngara, ile iliyoanzishwa 1995 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Neno lenyewe "kupwelepweta" hakuna aliyelijua, Kisubi hakina na Kiswahili cha mwalimu wetu hakikuwa nalo pia, lakini darasa zima tulikuwa tunapwelepwetana. Kiswahili cha Temeke kilitufundisha mengi kuliko kitabu cha sarufi, jamani.

Sasa sikilizeni tena zile nyimbo leo, mkiwa na akili za chuo. Wale watoto walikuwa wanaimba mapenzi ya watu wazima, kuachwa, kujuta, kubembeleza, na nyuma gitaa na mdundo wa uswahilini wenye harufu ya taarabu. Maneno ya kikubwa, sauti za kitoto. Utamu wote ulikuwa hapo. Anaingia mmoja anaimba mistari yake, anampokea mwenzake, kabla hujamchoka wa kwanza wa tatu kashafika. Hakuna aliyebeba wimbo peke yake. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kukua.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na najua kuna watu wa Muziki pale chuo watanipinga. Kundi la vijana linakua kwenye albamu. Angalieni Sauti Sol wa Nairobi, nao walianza wadogo tu wa sekondari, Upper Hill. Wakatoa Mwanzo 2008, Sol Filosofia 2011, Live and Die in Afrika 2015, Midnight Train 2020. Ukizipanga hizo nne unasikia umri unavyopanda: wale waimbaji wapole wa gitaa wanakuja kuwa watu wanaoimba hofu zao wenyewe. Albamu ina nyimbo kumi na kitu, kwa hiyo mbili tatu unaweza kuzitumia kujaribu kitu ambacho hakitachezwa disko.

Yamoto walikuja wakati mbaya. Soko la kaseti lililowalisha wasanii wa Bongo Fleva mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa limeshakufa. Memori kadi ilikuwa na nyimbo mia mbili, na msanii hakupata hata senti. Hela ilikuwa kwenye shoo, na shoo inataka wimbo mmoja mkali, halafu mwingine mkali kama ule ule. Ndio maana tunawakumbuka kwa wimbo mmoja mmoja. Ukipata ada yako kwa kupwelepweta, nani atakuruhusu uache?

2017 wakasambaratika. Na hapo hapo, kila mtu peke yake, sauti zikakomaa. Aslay mwaka huo alitoa nyimbo mfululizo mpaka watangazaji wakachanganyikiwa: Pusha, Likizo, Natamba. Beka akaja na Libebe. Maromboso akaingia WCB mwanzoni mwa 2018 akiwa Mbosso, na Machi 2021 akatoa albamu, Definition of Love. Kuna Baikoko na Diamond, ambayo kwangu mimi ni ya kuchangamsha tu, haina ukomavu wowote. Lakini kuna Tulizana, na aliowashirikisha ni Njenje! Wazee walioanza kupiga Tanga miaka ya 1970. Yule mtoto wa mistari minne kakaa katikati ya wazee, haharakishi, anaacha gitaa liongee. Huo ndio wimbo nilioungoja tangu darasa la tano, na ulikuja kundi likiwa halipo.

Enock Bella ndiye tunayemsikia kidogo kuliko wote, na ndiye aliyekuwa na ile sauti nzito. Inaniuma.

Kwa nini nayawaza haya huku porini? Kuna dogo wa kidato cha pili, sauti yake imevunjika juzi juzi. Kwaya ya shule imemtoa sauti ya kwanza imempeleka besi, na yeye anaona ndio mwisho. Anasema ataacha shule aende Dar kabla haijaharibika zaidi. Nimemwambia asubiri mpaka Jumamosi. Nina Nitakupwelepweta na Tulizana kwenye simu, atafute mwenyewe ni mtu gani yumo kwenye zote mbili.