Upatanisho wa Kisarufi katika Kiswahili cha Masisi na Walikale: Mtazamo wa Kihistoria

Kwa muda mrefu Kingwana, yaani Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kimesemwa kuwa ni lugha isiyo na sarufi. Ushahidi unaotolewa mara kwa mara ni upatanisho wa kiima na kitenzi. Katika Kiswahili Sanifu husemwa *kitabu kilianguka, vitabu vilianguka*. Katika masoko ya Masisi na Walikale husikika *kitabu ilianguka, bitabu ilianguka*. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ina historia yake na kanuni zake.

Kwanza, chanzo hakiwezi kuwa upungufu wa lugha za mama. Kihunde cha Masisi, Kinyanga cha Walikale na Kinyarwanda zote ni lugha za Kibantu zenye ngeli nyingi. Msemaji wa Kinyarwanda husema *igiti cyaguye* kwa mti mmoja ulioanguka, na *ibiti byaguye* kwa miti mingi. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa upatanisho ni nini. Jibu litafutwe katika mazingira ambamo Kiswahili kilipokewa.

Kiswahili kiliingia Kongo pamoja na misafara ya biashara ya pembe na watumwa iliyokuwa na makao Kasongo na Nyangwe. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls; vita vya 1892 hadi 1894 vikaondoa utawala wa wafanyabiashara hao, lakini lugha yao ilibaki. Dola ya kikoloni, misheni na mashamba makubwa yaliitumia kuwaunganisha watu wa lugha mbalimbali. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamishia Masisi, hasa Gishari, makumi ya maelfu ya watu kutoka Ruanda. Wengi waliokutana hivyo walikuwa watu wazima, nao walijifunza lugha kazini na sokoni. Inaelekea kwamba kila mmoja alikuwa na viambishi vya lugha yake, na kilichodumu ni mgawanyo ambao wote waliuelewa: watu upande mmoja, vitu upande mwingine.

Mgawanyo huo ungali hai. Kwa watu husemwa *mutu analala, batu banalala*, wala umoja na wingi havichanganywi. Kwa vitu, kiambishi *i-* huweza kusimama mahali pa viambishi vingi, ingawa *bitabu bilianguka* nayo husikika.

Mabadiliko haya yanagusa pia mpangilio wa maneno. Katika Kiswahili Sanifu twaweza kusema *kamba, kisu kiliikata*: *ki-* yaonyesha kilichokata, na *-i-* yaonyesha kilichokatwa. Anayetumia *i-* kwa vitu vyote hana msaada huo. Akisema *kamba kisu ilikata*, msikilizaji aweza kubaki na shaka. Hivyo hutanguliza kiima: *kisu ilikata kamba*. Kazi iliyoachwa na kiambishi imechukuliwa na nafasi ya neno katika sentensi.

Jambo hili lina uzito nje ya isimu. Tangu machafuko ya mwaka 1993 yaliyoanzia Ntoto, Walikale, wakazi wa wilaya hizi mbili wamekimbia makwao mara nyingi, na kambini Wahunde, Wanyanga na wasemaji wa Kinyarwanda huzungumza kwa Kiswahili hiki. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mahitaji ya Kiswahili Sanifu yataongezeka. Mwalimu atakayemwambia mtoto wa Masisi kwamba usemi wa nyumbani kwao ni makosa matupu atakuwa ameipuuza sarufi ambayo mtoto anayo tayari. Afadhali aanzie kwenye *batu banalala*, ambapo mtoto hupatanisha bila kukosea, ndipo amwongoze hadi *vitabu vilianguka*.