Fidia ya Majeraha ya Ajali za Barabarani (Kenya)

Fidia ya majeraha ni mali anayohukumiwa mtu kumlipa mwenziwe aliyeumia kwa uzembe wake. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni malipo ya kumkomboa mateka, nalo halipasi kuchanganywa na dia, ambayo katika sharia ya Kiislamu ni malipo ya damu yenye kadiri maalumu, ilhali fidia ya mahakama za Kenya hupimwa na hakimu kwa kulinganisha majeraha yaliyo mbele yake na yale yaliyokwisha kuamuliwa zamani.

Aghalabu majeruhi husema, "Nitaishtaki bima," na hapo ndipo anapoanza kukosea njia. Anayeshtakiwa ni dereva pamoja na mwenye gari, kwa kuwa dereva aliyetumwa ni mkono wa aliyemtuma; bima huja nyuma yao kwa nguvu ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1930, nayo Sura hiyo humkataza mtu kutia gari barabarani pasipo bima ya kumkinga mpita njia na abiria aliyelipa nauli, na huilazimu kampuni, madhali imepewa taarifa ya kesi kwa wakati wake, kuilipa hukumu hata ikiwa ina ugomvi wake na mteja. Nimesema abiria aliyelipa nauli, maana rafiki aliyepewa lifti ya bure sheria haikumlazimishia mtu kumkatia bima, naye huenda akashinda kesi kisha akakuta kwamba wa kumlipa ni sahibu yake peke yake, kutoka mfukoni.

Dai halisimami juu ya maumivu. Husimama juu ya ithibati. Mtu aliyegongwa na matatu pale Changamwe, akainuliwa na wapita njia na kupakiwa katika tuktuk hadi hospitali, wakati huo hana habari ya makaratasi, wala si wajibu wake kuwa nayo, kwani uhai hutangulia. Lakini siku zifuatazo, yeye au jamaa zake watahitaji abstrakti ya polisi, ambayo ni karatasi yenye nambari ya gari, jina la mwenyewe, kampuni ya bima na nambari ya hati yake, na pia fomu ya P3, ambayo sehemu yake hujazwa na polisi na iliyobaki na daktari, nayo ni ya bure. Watu wameipa abstrakti heshima isiyo yake: huonyesha kwamba ajali iliripotiwa, haionyeshi kwamba dereva ndiye aliyekosa, na kosa hilo hungoja mashahidi. Risiti nazo zisidharauliwe, kwa sababu gharama alizotoa mtu hazirudishwi kwa makisio. Aliyepanda teksi mara kumi kwenda kubadilishiwa bendeji asiweke risiti hata moja, mahakama humsikitikia bila kumlipa.

Kisha kuna dalali. Huja wodini jioni, saa ya kutazama wagonjwa, na faili la kadibodi kwapani na kipedi cha wino mfukoni, akataja jina la wakili ambaye mgonjwa hajapata kumwona, au akaleta pesa kidogo za haraka pamoja na hati inayosema kwamba majeruhi ameridhika na hana dai tena. Kidole gumba kikishatiwa, kuifuta hati hiyo ni kazi ngumu, nayo mifupa mingine haijulikani itaungaje mpaka miezi ipite. Kwa rai yangu, hakuna hati ya namna hiyo inayofaa kutiwa sahihi kitandani.

Fidia hugawanyika katika gharama zenye ushahidi wa risiti, malipo ya maumivu na ulemavu, na kipato kilichopotea. Hili la mwisho ndilo lenye hesabu. Tuseme fundi mwashi wa miaka 40, aliyekuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi, amepooza kuanzia kiunoni. Hakimu, akizingatia kwamba maisha yana mitihani mingine hata pasipo ajali, hamhesabii miaka yote 20 ya kufikia umri wa kustaafu, bali pengine 15. Basi 30,000 mara 12 mara 15 ni 5,400,000. Lakini bima inayolazimishwa na Sura ya 405 haivuki 3,000,000 kwa mdai mmoja, na kinachozidi humwangukia mwenye gari, ambaye mara nyingi hata gari lenyewe analo kwa mkopo. Majeruhi naye akiwa alichangia kosa, kama vile kuvuka barabara bila kutazama, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya mchango wake.

Aliyekufa, mkewe au mumewe, wazazi na watoto wake hudai kwa riziki waliyoikosa, na mirathi yake hudai kwa umri uliokatizwa, ambao mahakama kwa desturi huukadiria kwa shilingi 100,000 hivi, awe maskini au tajiri.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu siku ya ajali, na mtoto huanza kuhesabiwa akishafikia umri wa utu uzima kisheria. Lakini gari likiwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu.